Nani Atakikalia Kiti cha Meneja Mgeni? Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,



Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Ninazifahamu ngazi zilivyo: juu yangu yupo mkuu wa idara, yupo rasi wa ndaki, wapo viongozi wakuu wa chuo, ipo Tume ya Vyuo Vikuu, ndipo jambo lifike wizarani. Sikuziruka ngazi hizo kwa kiburi. Jambo ninalolileta linagusa ofisi zaidi ya moja ya Serikali, na kila linapopelekwa ofisi moja hujibiwa, kwa haki kabisa, kwamba nusu yake iko kwa jirani. Nimethubutu kuliweka hapa ili nyote mlione kwa pamoja.

Naomba pia nishukuru kabla ya kuomba. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limefungua milango mingi, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeupa ujuzi nafasi ambayo sisi walimu tulikuwa tukiiota. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umetupa majengo, maabara na nafasi ya kuhuisha mitaala ya vyuo vikuu. Anayeyaona hayo na asishukuru atakuwa hana fadhila. Ombi langu linasimama juu ya kazi hiyo mliyokwisha kuifanya.

Mimi ni mwalimu wa menejimenti katika chuo cha umma. Vijana ninaowafundisha wakitazama zilipo nafasi za kazi, wanakutana na wageni kila upande. Gati namba 4 hadi 7 za Bandari ya Dar es Salaam ziko mikononi mwa DP World ya Dubai kwa mkataba uliosainiwa Oktoba 2023, na mwaka uliofuata Adani ya India ikaingia kwenye kitengo cha makontena. Treni ya SGR iliyoanza kupeleka abiria Morogoro na Dodoma mwaka 2024 inapita juu ya reli iliyojengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa na Arab Contractors na Elsewedy Electric za Misri. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linamilikiwa na TotalEnergies ya Ufaransa kwa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania kwa asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China kwa asilimia 8. Kwenye kikao kimoja cha kampuni ya bomba hilo anaweza kukaa Mfaransa, Mganda, Mchina na Mtanzania, kila mmoja na desturi yake ya namna mkubwa anavyopingwa, namna tarehe inavyoahidiwa na namna kosa linavyokiriwa. Hakuna mwenye desturi mbaya kati yao. Lakini atahitajika mtu wa kuwafanya waelewane, na ningefurahi mno, Mheshimiwa, mtu huyo akiwa kijana wetu.

Nchi yetu ilikwisha kuliona hilo kisheria. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeleta mtaalamu wa kigeni awe na mpango wa urithishaji, yaani aonyeshe ni Mtanzania gani atakayeandaliwa ili aishike kazi hiyo mgeni akiondoka. Ni sheria nzuri. Naomba tu kwa unyenyekevu niulize: mrithi huyo anaandaliwa wapi? Kampuni inamfundisha mitambo na mifumo yake. Chuo kimemfundisha uhasibu, masoko na sheria za biashara. Namna ya kuongoza watu wa mataifa matatu waliokaa meza moja hajafundishwa na yeyote. Ndiyo maana mara nyingi karatasi ya urithishaji inabaki karatasi, kibali kinaombwa upya, na kijana wetu anaendelea kuwa msaidizi wa mgeni wa pili baada ya kuwa msaidizi wa yule wa kwanza.

Niruhusu nikusimulie kisa cha binti mmoja niliyemfundisha. Kampuni yake siitaji, na yeye mwenyewe nimemwahidi kumsitiri. Aliajiriwa idara ya uagizaji katika kampuni ya kigeni. Kwenye kikao cha Jumatatu bosi akauliza kama mzigo fulani utatoka bandarini kabla ya Ijumaa. Msimamizi wa binti, Mtanzania mwenye umri wa baba yake, akajibu kwamba utatoka. Binti alijua nyaraka za mzigo ule zina kasoro na hazijarekebishwa. Akanyamaza. Kumkosoa mtu mzima mbele ya wageni ni utovu wa adabu, kwa hiyo alipanga kumfuata baadaye ofisini kwake, faragha, kama alivyolelewa. Alimfuata kweli, na mzee akamshukuru. Ila bosi hakuambiwa, mzigo haukutoka, kampuni ikalipia siku za makontena kukaa bandarini, na ilipojulikana kwamba binti alikuwa na habari tangu Jumatatu, akaandikiwa barua ya onyo kwa kuficha taarifa.

Mheshimiwa, binti yule hakuwa mwongo wala mzembe. Alifanya sawasawa na alivyofunzwa na mama yake, na alivyofunzwa na sisi. Bosi naye hakuwa katili: kwao, mwenye habari asiyeitoa kikaoni amewasaliti wenzake. Kati ya adabu hizo mbili zipo njia za kupita. Angeweza kumwona mzee asubuhi kabla ya kikao na kumpa nafasi ya kulisema mwenyewe. Angeweza kuomba ruhusa ya kumwongezea mkubwa wake, akaitaja kasoro ya nyaraka pasipo kumtaja aliyekosea. Angeweza kuandika muhtasari mfupi jioni ile kwa wote wawili. Hayo ni maarifa ya kazi kama yalivyo maarifa ya kufunga hesabu za mwezi. Yanafundishika, yanafanyiwa mazoezi, na yanapimika kwenye mtihani.

Sisi vyuoni, kwa sasa, tunafundisha kinyume chake. Ukumbi una mamia ya wanafunzi na kipaza sauti kimoja, na kipaza sauti hicho anacho mwalimu. Anayeuliza mara mbili anaonekana mjuaji. Madesa yanazunguka, yanakaririwa, yanarudishwa kwenye mtihani yalivyotoka. Kazi ya kundi anaifanya mmoja na wanasaini saba. Kisha tunampeleka kijana huyo mbele ya Mholanzi au Mturuki anayemtaka aseme anachofikiri, na tunashangaa akitazama chini. Silaumu walimu wenzangu, maana ukumbi wa watu mia nne hauachi nafasi kubwa ya mazungumzo. Ila ukimya ule kijana anautoa kwetu na kwenda nao kazini.

Sasa naomba nikueleze kile tunachofundisha pale ambapo somo la utamaduni na menejimenti lipo, kwa kuwa hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mwanafunzi wetu anamsoma Geert Hofstede, mtaalamu wa Uholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM katika nchi nyingi kati ya 1967 na 1973 na kutoa kitabu chake maarufu mwaka 1980. Ni kazi kubwa, na mimi mwenyewe ninaifundisha kwa heshima. Lakini ukitafuta Tanzania katika majedwali ya utafiti ule huioni peke yake. Imefungwa fungu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia, likaitwa Afrika Mashariki, likapewa alama 64 kwa namna watu wanavyoukubali umbali kati ya mkubwa na mdogo, na alama 27 kwa mtu kujitegemea mbali na kundi lake. Uchunguzi mwingine mkubwa, ule wa GLOBE ulioongozwa na Robert House na kuchapishwa mwaka 2004, ulihoji jamii 62. Zambia imo, Zimbabwe imo, Nigeria imo. Tanzania na Kenya hazimo.

Kwa hiyo kijana wa Kitanzania anakariri namba 64 kana kwamba ni habari zake. Hakuna anayemwambia kwamba katika miaka ileile fungu hilo lilikuwa na Ethiopia ya mfalme na Tanzania ya Azimio la Arusha. Hakuna anayemwambia kwamba mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika kifungu chake cha 15, uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na ubabe kwa walio chini yao, na kwamba wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam walikishika kifungu hicho na kuwakataa mameneja wao waziwazi. Profesa Issa Shivji aliyaandika hayo mwaka 1976. Ni historia ya menejimenti ya hapa nyumbani, imejaa mafunzo kuhusu lini Mtanzania humtii mkubwa na lini humkatalia, lakini mwanafunzi wa menejimenti anamaliza miaka mitatu bila kuisikia. Meneja mgeni akimuuliza, “Watu wenu wakoje?” anamjibu kwa namba ya Mholanzi.

Nitoe mfano mwingine, wa misiba, kwa kuwa hakuna jambo linalogombanisha wafanyakazi wetu na mameneja wageni mara nyingi kama hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo kwa kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Meneja mgeni anaisoma na kuielewa kama ilivyoandikwa. Mfanyakazi anakuja kuomba ruhusa ya kumzika baba, anapewa. Mwaka unaofuata anakuja kuomba ruhusa ya kumzika baba. Meneja anafungua faili, anakuta baba alikwisha kuzikwa, anaandika kwamba mtu huyu ni mdanganyifu. Kumbe wa kwanza alikuwa baba mzazi na wa pili ni baba mdogo aliyemlipia ada tangu darasa la kwanza. Asipokwenda, nani atamtazama usoni kijijini? Akienda, anapoteza kazi.

Meneja wa Kitanzania aliyefunzwa vizuri angelimaliza hili kabla halijawa ugomvi. Angeshauri mfanyakazi siku ya kuajiriwa aandike majina ya waliomlea, wawe wamemzaa au hawakumzaa. Angependekeza kanuni ya ndani ya kampuni: siku ngapi kwa malipo, siku ngapi bila malipo, nani anashika zamu. Angemweleza mgeni kwa nini rambirambi ya kampuni ikitolewa pale msibani inathaminiwa kuliko ikipitishwa kwenye mshahara. Na angewaeleza pia wenzake Watanzania, kwa ukali unaostahili, kwamba zamu ikiachwa bila taarifa mtambo unasimama, na kwamba mgeni anayeuliza maswali kuhusu msiba hajautukana msiba. Kazi hiyo ya pili ni muhimu kama ya kwanza. Anayejua kutetea upande wake peke yake si meneja.

Tena, Mheshimiwa, tusidhani somo hili ni la kumtumikia mgeni. Watanzania nao ni wageni kwa wenzao. Benki ya CRDB ilianza kazi Burundi mwaka 2012, na mwaka 2023 ikaingia Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtanzania anayepelekwa Lubumbashi atasalimiwa kwa Kiswahili na kujiona yuko nyumbani. Kesho yake atakuta barua za ofisi ni za Kifaransa, hesabu zinafungwa kwa taratibu za OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012, na daraja za vyeo zinaheshimiwa kwa namna ambayo hakuizoea. Kiswahili kitamfungulia mlango na baada ya hapo atahitaji maarifa. Kijana wetu anayekwenda kuongoza Wakongomani anastahili kuandaliwa asije akawafanyia yale ambayo sisi huku tunayalalamikia.

Najua nitajibiwa kwamba shida yenyewe ni Kiingereza, na kwamba kikinyooka mengine yatafuata. Kwa heshima zote naomba kutofautiana. Kiingereza chetu kinahitaji msaada, sikatai. Ila binti wa nyaraka za bandari alikuwa na Kiingereza safi. Wapo pia vijana waliosoma Kichina kwenye taasisi za Confucius za Dodoma na Dar es Salaam, wakaajiriwa kama wakalimani kwenye miradi ya ujenzi, na huko wakawa ndio wanaosuluhisha ugomvi, wanaopanga zamu na kutuliza pande zote mbili. Wanafanya kazi ya meneja kwa cheo na mshahara wa mkalimani, kwa sababu cheti chao kinasema lugha tu. Lugha na menejimenti zingefundishwa pamoja, vijana hao wangekuwa na haki ya kudai kiti.

Maandalizi ya namna hii nchi nyingine zimeyafanya, na sisi wenyewe tuliwahi kuyafanya. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa maendeleo ya Afrika wa TICAD kule Yokohama, Japani ilitangaza mpango wa ABE wa kuwasomesha vijana 1,000 wa Afrika shahada ya uzamili katika kipindi cha miaka mitano, na kila mmoja apate muda wa kufanya kazi ndani ya kampuni ya Kijapani. Wajapani waliona kwamba darasa pekee halitawapa watu wa kufanya nao biashara. Zamani kidogo, reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, takriban vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea reli, miaka mitatu kabla kazi ya kutandika kilomita 1,860 haijakamilika. Waliotutangulia walimwandaa mrithi kabla kiti hakijawa wazi.

Sasa nifike kwenye ombi lenyewe, na naomba unisikilize kwa huruma. Mafunzo kwa vitendo, ambayo vijana wanayaita fildi, kwa wanafunzi wengi wa biashara yamekuwa majuma machache ya kutoa fotokopi, kupanga mafaili na kusainiwa kitabu. Ninaomba kwa wanafunzi wa menejimenti muda huo uwe muhula mzima, na ufanyike ndani ya kampuni ambazo zina wafanyakazi wa mataifa mchanganyiko. Najua utaniuliza ni kampuni gani itakubali. Hapa ndipo ninapomuomba pia Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi asogeze kiti. Kila kampuni yenye wataalamu wa kigeni ilikwisha kuahidi urithishaji ilipoomba vibali. Ofisi inayopokea ahadi hizo ikizishirikisha kwa vyuo, bila kutoa siri za biashara za mtu, sisi walimu tutajua ni nafasi zipi zitakuwa wazi baada ya miaka miwili au mitatu, na tutawapeleka wanafunzi wakakae jirani na nafasi hizo. Kampuni itapata mrithi, Serikali itapata uthibitisho, na kijana atapata kazi yenye jina.

Pamoja na hilo, ninaomba sehemu ndogo ya fedha za utafiti itengwe kwa ajili ya kuandika visa vya menejimenti vya hapa kwetu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: bandarini, migodini, kwenye SGR, kwenye bomba la Tanga, kwenye hoteli za Zanzibar. Visiwe vya kuisifu kampuni wala kuishtaki. Vieleze nani alisema nini, mwenzake akaelewa nini, hasara ikawa wapi, na ilirekebishwa vipi. Walimu tupo tayari kwenda kuviandika, hata wakati wa likizo zetu, tukipewa barua ya utambulisho itakayotufungulia mageti. Na mtihani wa somo hili, ukiridhia, nusu yake iwe ya kusema: mwanafunzi aendeshe kikao, apinge kwa adabu, atoe habari mbaya, ajadiliane bei na mtu asiyecheka.

Mheshimiwa, ninajua fedha hazitoshi na ninajua wengi wanakuomba. Wapo wanaoomba madawati, na ombi lao linatangulia langu, sibishani nao. Hili langu halihitaji jengo jipya. Linahitaji kikao kimoja kati ya wizara yako na ofisi ya mwenzako wa Kazi, na waraka mmoja kwa vyuo kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Ninakuomba, kwa unyenyekevu wote nilio nao, uitishe kikao hicho. Na ukiona inafaa walimu nao waitwe kutoa maelezo, nitakuja na wenzangu kwa nauli zetu.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa menejimenti,
Dar es Salaam